Fizibu ya taa za nyuma inaungua kila nikifika Essence

SWALI: Papa Fundi, jambo. Mimi niko wa Kadutu, hapa Bukavu, niko na Corolla ya 1997, volani kulia, naifanyisha taksi. Tangu mwezi uliopita ile fizibu (fyuzi) imeandikwa TAIL inaungua. Haiungui kila saa, naweza kuweka mpya, nikashuka mpaka Place de l'Indépendance taa zote zinawaka vizuri, nikifika kwenye mashimo ya mtaa wa Essence, pah! taa za nyuma zinazima na tablo yote inakuwa giza, sioni hata mafuta yamebaki ngapi. Mchana hakuna shida kabisa. Fundi wa kwanza alibadilisha ampuli (balbu) zote, dola 10, kesho yake ikaungua tena. Wa pili akasema fizibu ya ampea 10 ni ndogo, akaniwekea ya 30. Hiyo haijaungua, lakini juzi mteja aliyekaa nyuma akaniambia shofa, kuna kitu inanuka kama plastiki. Wa tatu anataka kuvuta waya mpya kutoka mbele mpaka nyuma na pesa anayoomba sina. Nifanye nini, hii gari ndiyo inalisha watoto.

JIBU: Ndugu yangu, kabla hujasoma mbele, nenda kwenye gari utoe hiyo fizibu ya 30. Leo, si kesho. Ile harufu mteja wako alisikia ni ganda la waya linapata moto, na wewe unabeba watu nyuma, na chini ya kile kiti kuna sponji na tangi la mafuta haliko mbali. Fizibu haikuwekwa kulinda ampuli, iliwekwa kulinda waya. Waya ya taa za nyuma ni nyembamba, kiwanda kilihesabu itapitisha kiasi gani bila kupata moto, kikaweka fizibu ya 10 nyekundu ili kitu cha kwanza kuungua kiwe kile kipande cha sentimita mbili, si gari. Ukiweka ya 30 ya kijani umeambia waya ndiyo iungue mahali pa fizibu. Kama usiku huna taa ni afadhali ulaze gari kuliko kutembea hivyo.

Sasa tuhesabu pamoja, juu hesabu yenyewe itakuonyesha kwamba ya 10 haikuwa ndogo. Ampuli ndogo ya nyuma ni watti 5. Watti 5 kwa volti 12 inakula ampea 0.4 hivi. Weka mbili za nyuma, mbili za mbele, za plaki ya namba, na vile viampuli vidogo vya tablo, vyote pamoja havifiki ampea 4. Fizibu ya 10 iko na nafasi mara mbili na zaidi. Kwa hiyo kitu kinachoiunguza si taa, ni waya yenye umeme kugusa chuma cha bodi, kursirkui, ao shoti kama wanavyosema ndugu zetu wa Tanzania. Angalia fizibu ulizotupa kama bado ziko kwenye gari: ikiwa ndani imekuwa nyeusi kama imepigwa moshi, ni kugusa kwa nguvu, moja kwa moja. Ikiwa imekatika safi katikati bila weusi, mara nyingi ni mzigo umezidi polepole. Yako nina hakika ni nyeusi.

Na barua yako imekwisha kufanya nusu ya kazi, hata kama hukujua. Umesema mchana hakuna shida: basi kosa liko kwenye waya zinazopata umeme wakati taa zimewashwa tu; kontakti, demareri (stata) na alternateri, yote hayo acha. Umesema ni kwenye mashimo: basi waya haigusi chuma muda wote, inagusa gari ikirukaruka, ni waya iliyo huru ao inayokunjwa. Umesema tablo inazima pamoja na taa za nyuma: hiyo haikuambii kosa liko kwenye tablo, ni kwamba zote zinakula kwenye fizibu moja. Fundi aliyebadilisha ampuli hakuuliza hata moja ya haya, na ampuli zako zilikuwa nzima.

Kutafuta. Usiendelee kuweka fizibu mpya moja baada ya nyingine kama chambo, kila moja inaungua kwa nukta moja na haikuachii muda wa kuona chochote. Tengeneza kifaa hiki, hakigharimu karibu kitu: chukua fizibu iliyoungua, vunja plastiki yake, bakiza ile miguu miwili, sudea (unga kwa bati la kuyeyusha) waya moja kwa kila mguu, na kwenye ncha za hizo waya funga ampuli ya zamani ya faro, taa kubwa ya mbele, ile ya H4, upande wa watti 55. Ingiza miguu mahali pa fizibu ya TAIL. Sasa ampuli ndiyo imekuwa fizibu yako, na yenyewe haiungui. Hata waya ikigusa chuma kabisa, ampuli hiyo haipitishi zaidi ya ampea 5 hivi, kwa hiyo hakuna kitu kitapata moto, na kosa litakaa wazi muda wote unaotaka kulitafuta.

Washa taa ndogo. Kama waya haijagusa, ampuli yako itakuwa nyekundu kidogo tu ao giza, na taa za gari zitawaka hafifu. Waya ikigusa chuma, ampuli inawaka nyeupe kabisa, na taa za nyuma zinazima papo hapo. Ukitaka tofauti ionekane zaidi toa kwanza ampuli zote za nyuma na za plaki. Angalizo, ampuli ya H4 inapata moto sana, usiilaze kwenye kiti wala kwenye karpeti, itundike kwa waya kwenye hewa.

Kisha mwambie kijana mmoja akae mbele aangalie ampuli, asifanye kitu kingine, na akipaza sauti "imewaka!" wewe uache mkono pale pale ulipo. Halafu anza kutikisa. Na hapa nakuomba unisikilize kuhusu mahali pa kuanzia, juu mimi mwenyewe nilipoteza siku mbili nzima chini ya tablo ya gari kama yako kwa sababu fizibu inaungulia pale, nikafikiri na kosa liko pale. Kosa linaweza kuwa mita nne mbali. Anzia nyuma, kwenye kofri (buti ya mizigo).

Taa za plaki kwenye Corolla ya namna yako ziko kwenye mlango wa kofri, maana yake waya ya TAIL inapita karibu na bawaba, na kila mara unafungua kuweka mizigo ya mteja waya hizo zinakunjwa, zinanyooka, zinakunjwa. Hesabu mwenyewe taksi inafungua kofri mara ngapi kwa siku, kisha zidisha kwa miaka karibu thelathini. Kwenye ile gari yangu nilichubua skochi (tepu) ya zamani ambayo imekuwa gundi, nikakuta waya kadhaa, zote nzima isipokuwa moja, ganda lake limepasukapasuka kama kisigino wakati wa kiangazi, na ndani shaba imekuwa kijani juu ya unyevu, unajua mvua ya Bukavu ilivyo. Lakini kwenye ile shaba ya kijani kulikuwa na sehemu moja ndogo, si kubwa kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, inang'aa kama imetoka dukani leo. Nikainua macho kwenye mkono wa bawaba, mbele yake kabisa, rangi imetoka na kuna doa dogo jeusi lenye shanga ya chuma kilichoyeyuka. Ndipo zilipokuwa zinakutana, gari ikiingia shimo zinagusana, ikitoka zinaachana. Kwa hiyo usitafute tu waya iliyochunika, tafuta na doa upande wa chuma, doa halidanganyi.

Kama kofri ni safi, nenda kwenye radio. Karibu kila taksi ya huku imewekewa radio nyingine, na nyuma ya radio za dukani kuna waya mmoja wa kufanya vitufe viwake usiku, huo unaungwa kwenye mzunguko huu huu wa TAIL. Mtu akiuunga na baadaye radio ikaibwa ao ikabadilishwa, ile waya inabaki inaning'inia bila kichwa nyuma ya tablo, uchi, inasubiri shimo. Baada ya hapo angalia taa za ziada ambazo mtu aliongeza, angalia taa ndogo za mbele karibu na faro hasa kama gari iliwahi kugongwa, halafu ndiyo uinue ile plastiki ya mlangoni unapokanyaga kuingia, chini yake ndipo fungu la waya linapita kwenda nyuma, na bisi (skrubu) ndefu moja ya karpeti ao ya spika inatosha kulitoboa.

Na kama umetikisa yote na ampuli haijawaka, basi acha gari itikisike yenyewe. Funga ampuli yako vizuri mahali mnapoiona na haigusi kitu, mchana, washa taa ndogo, tembea polepole kwenye mashimo yako ya Essence na kijana anaangalia. Kama inawaka kwa kuruka, simameni pembeni, chomoa ile soketi ya waya zinazoingia mlango wa kofri, rudini tena kwenye mashimo yale yale. Haiwaki tena? Kosa liko baada ya soketi hiyo. Bado inawaka? Liko kabla yake, na unarudi nyuma kipande kwa kipande hivyo hivyo, unachomoa, unapita, unaangalia. Ni kazi ya kuchosha lakini haikosi.

Ukishaipata, usiifunge tu skochi juu. Toa kwanza kichwa hasi cha batri, kata kile kipande kibaya chote mpaka ufikie shaba nyekundu safi, unga waya yenye unene ule ule, iache ndefu kidogo ili mlango ukifunguka isivutike, na uirudishe ndani ya mpira wake. Kama mpira umeisha tafuta kipande cha mpira wa baiskeli. Halafu, kwa sababu umetembea na fizibu ya 30, fuata waya hiyo kwa vidole kutoka kwenye kisanduku cha fizibu kadiri mkono unavyofika: ikiwa ganda limekuwa gumu, linang'aa ao limeshikana na waya jirani, kipande hicho nacho kibadilishwe. Hapo fundi wako wa tatu atakuwa na haki kwa sehemu. Lakini kuvuta waya nzima kabla ya kujua kosa liko wapi hapana, maana waya mpya atakayoivuta itapita kwenye bawaba ile ile.

SWALI: Jambo Fundi. Mimi ni mama wa Bagira, niko na RAV4 ya zamani ya kufuata bidhaa Kavumu. Nikilaza gari usiku mmoja inawaka kwa shida, nikilaza siku mbili haiwaki kabisa, tunasukuma. Nimekwisha nunua batri mbili. Fundi anasema ya pili nayo ni feki ninunue ya tatu.

JIBU: Mama, weka pesa yako chini kwanza. Inawezekana batri ni mbaya, lakini batri mbili kufa namna moja inanifanya nifikiri kuna kitu kinakunywa umeme wakati wewe umelala.

Anza na multimetri, kile kifaa cha kupima umeme, kwenye batri. Asubuhi kabla ya kuwasha, batri iliyojaa inaonyesha volti 12.6 hivi, 12.2 imebaki karibu nusu, chini ya 12 imeisha. Gari ikiwaka lazima upate kati ya 13.8 na 14.4, ukipata 12 na kitu basi alternateri haijazi, na hapo tatizo ni lingine. Kama inajaza vizuri, endelea.

Zima kila kitu, toa funguo, funga milango, fungua kapo (boneti) tu. Legeza kichwa hasi cha batri ukitoe. Waya nyekundu ya multimetri uihamishe kwenye tundu la ampea 10, kisha weka ncha moja kwenye kile kichwa ulichotoa na nyingine kwenye nguzo hasi ya batri, umeme wote wa gari upite ndani ya multimetri. Subiri kama dakika 20 mitambo yote ilale. Wakati huo mtu asifungue mlango, na tafadhali mtu asijaribu kuwasha motere, demareri inavuta ampea nyingi sana na multimetri itakufa papo hapo.

Gari isiyo na kosa inaonyesha ampea 0.02 mpaka 0.05. Ukiona 0.5, hesabu: masaa 24 ni ampea-saa 12, siku mbili ni 24, na batri ya ampea-saa 45 imekwisha toa zaidi ya nusu. Hiyo ndiyo hadithi yako kabisa. Sasa chomoa fizibu moja moja huku unaangalia namba, ile ambayo ukiitoa namba inaanguka ndiyo njia ya mwizi, soma jina lake na ufuate vinavyokula pale. Mara nyingi ni kitu kidogo cha kusikitisha: taa ya mizigo nyuma, watti 5 tu, swichi yake imekwama na inawaka usiku kucha mlango ukiwa umefungwa na hakuna anayeiona. Weka simu ndani inarekodi video, funga mlango, fungua, angalia video.

Ukichomoa zote na namba haianguki, basi ni kitu kilichofungwa moja kwa moja kwenye batri, alarmu iliyoongezwa, chaja, ao alternateri yenyewe, dayodi zake, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zikiharibika zinarudisha umeme usiku. Hapo toa kichwa hasi kabisa, fungua waya nene ya alternateri, ifunge vizuri isiguse kitu, rudisha multimetri. Namba ikianguka, batri zako zote mbili hazikuwa na kosa.

SWALI: Kaka Fundi, mimi niko Goma, Himbi. Nikiwasha taa na kukanyaga freni usiku, taa ya kugeukia ya upande wa kushoto inawaka hafifu bila mimi kuigusa, na ile ndogo ya nyuma inafifia. Nimebadilisha ampuli, ni vile vile.

JIBU: Ni masi, kaka. Umeme ukitoka kwenye ampuli lazima urudi batri kupitia bodi, na ile taa ya nyuma kushoto yote, freni, ndogo, kugeukia, inarudi kupitia waya moja iliyofungwa kwa bolti kwenye chuma. Bolti ikishika kutu njia inakuwa nyembamba, na umeme wa freni unatafuta njia nyingine ya kurudi, unapita ndani ya ampuli jirani ukirudi kinyumenyume, ndiyo maana inawaka bila ruhusa yako. Na barabara zenu za mawe ya volkano zinalegeza bolti kuliko hapa kwetu.

Hakikisha hivi: multimetri kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya batri (tafuta waya ndefu), nyingine kwenye chuma cha soketi ya ampuli, mtu akanyage freni. Namba ikipita 0.2, njia ya kurudi ni mbaya, mimi nimeona mpaka 3. Fungua ile bolti, piga msasa chuma na kichwa cha waya mpaka ving'ae, kaza, paka grisi juu. Angalia pia kama mtu alilazimisha ampuli ya nyuzi moja mahali pa ile ya nyuzi mbili, hiyo nayo inaleta vituko vinavyofanana na hivi.

SWALI: Papa, mimi ni mwanafunzi wa garaji hapa Bukavu. Bosi ananifundisha kuunga waya kwa kusokota na skochi, basi. Je inatosha?

JIBU: Kwa siku moja ili ufike nyumbani, ndiyo. Kwa gari ya mteja, hapana kijana wangu. Skochi ikipata joto inateleza na kufunguka, maji yanaingia, na kusokota peke yake kunalegea. Bosi wako umuheshimu, lakini jifunze pia hivi: vua ganda sentimita moja na nusu, ingiza ule mpira mwembamba unaojikaza kwa moto kwenye waya moja kabla ya kuunga (kila mtu anausahau mara ya kwanza), sokota, sudea mpaka bati linywewe ndani ya nyuzi lisikae juu kama tone, sogeza mpira, pasha moto. Mahali panapotikisika sana ni afadhali kile kikopo cha shaba kinachobanwa kwa pensi ya kazi hiyo, kwa sababu pale bati linapoishia waya inakuwa ngumu na hukatika. Na ukiunga waya mbili jirani usiziunge sehemu moja, moja iwe juu kidogo, nyingine chini, ili hata siku ganda likitoka zisikutane.